Mashine Hununuliwa, Jicho Hulelewa: Safari ya Daktari Kuelekea Ubingwa wa Radiolojia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna madaktari wanavyoteuliwa na kufunzwa hadi kuwa mabingwa wa radiolojia, yaani taaluma ya kusoma picha za ndani ya mwili. Mifano mingi imechukuliwa nchini Kenya, na mtazamo ni wa mkaazi wa Shanzu, Mombasa. Hoja kuu ni kwamba mashine ya kupiga picha inaweza kununuliwa kwa mkataba wa siku moja, ilhali jicho la kuisoma picha hiyo hulelewa kwa zaidi ya mwongo mmoja, na lango la kuingilia malezi hayo ni jembamba. Mwisho, makala yanaonyesha nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika jambo ambalo kwa mbali linaonekana kuwa la madaktari peke yao.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumsindikiza shangazi yake, mkaazi wa Shanzu, kwenda kupigwa picha ya kifua katika hospitali moja. Waliondoka alfajiri kwa matatu, wakapita Bamburi, Bombolulu na Kongowea, wakavuka Daraja la Nyali. Kupigwa picha kwenyewe hakukuchukua hata dakika tano. Majibu yalipatikana siku ya 11. Siku ya nne, shangazi aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwapo aliyelijibu: "Mwanangu, kama picha imeshatoka, wanangoja nini tena?"

Jibu la swali hilo ni fupi: walikuwa wakingoja mtu. Picha ya eksirei haijisomi. Mashine hutoa vivuli, naye mwanadamu aliyefunzwa ndiye avigeuzaye vivuli hivyo kuwa maana. Lakini jibu hilo fupi linazaa maswali marefu zaidi. Mtu huyo ni nani? Hutoka wapi? Huteuliwa vipi, na hufunzwa nini hata saini yake iaminiwe kuliko ya daktari mwingine? Na kwa nini ni adimu kiasi cha kungojwa siku 11? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu.

2.0 Nani ni Nani Katika Chumba cha Picha

Kabla ya kueleza mafunzo, ni muhimu kufafanua istilahi, kwa maana mkanganyiko wa majina huzaa mkanganyiko wa mambo.

Radiolojia ni tawi la tiba linalotumia picha za ndani ya mwili kutambua maradhi na, katika baadhi ya vitengo vyake, kuyatibu. Chimbuko lake ni tarehe 8 Novemba 1895, pale Wilhelm Conrad Röntgen, mwanafizikia wa Würzburg nchini Ujerumani, alipogundua miale iliyopenya vitu visivyopenywa na mwanga wa kawaida. Aliipa jina la X kwa kuwa asili yake haikujulikana, kama ilivyo desturi ya hesabu. Mwaka 1901 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Miale hiyo ndiyo iliyoingia katika Kiswahili kwa jina la eksirei. Neno uyoka nalo limo kamusini, ingawa hospitalini ni nadra kulisikia. Baadaye ziliongezwa njia nyingine: altrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti, skani ya CT, iliyotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 jijini London, na MRI, inayotumia nguvu za sumaku.

Mgonjwa anayepitia chumba hicho huhudumiwa na watu watatu, japo mara nyingi huwaona wawili tu. Wa kwanza ni daktari anayemwandikia karatasi ya kwenda kupigwa picha. Wa pili ni mpiga picha, mtaalamu anayemweka mgonjwa mahali pake, anayepima kiasi cha mionzi na kuiendesha mashine. Nchini Kenya wengi wa wataalamu hawa hufunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya (KMTC) kwa stashahada ya miaka 3. Wa tatu ni daktari bingwa wa radiolojia, anayeisoma picha na kuandika ripoti. Huyu wa tatu hukaa chumba cha ndani, na watu wengi hawajui kwamba yupo. Ndiyo maana shangazi alidhani kwamba kazi ilikwisha mashine ilipozimwa.

Kuna pia daktari aliye njiani kuwa bingwa. Marekani humwita mkaazi, kwa sababu zamani madaktari wa aina hii waliishi hospitalini hasa. Katika hospitali zetu huitwa rejistra. Makala haya yatatumia neno mwanagenzi, kwa sababu Pwani yetu inalifahamu kwa maana yake kamili. Mwanagenzi wa fundi wa majahazi au wa sonara hasomi kazi vitabuni tu. Hukaa na fundi, hushika alichoshikishwa, hukosolewa, na hatimaye huachiwa afanye peke yake. Mafunzo ya ubingwa wa tiba yana umbo hilohilo.

3.0 Lango la Kuingilia

Hakuna anayeingia radiolojia moja kwa moja kutoka shule ya upili. Sharti kwanza awe daktari kamili. Kijana wa Shanzu anayemaliza kidato cha 4 akiwa na alama za juu za sayansi, na akabahatika kupata nafasi ya udaktari, husoma shahada ya kwanza kwa miaka 6. Kisha hufanya mafunzo ya lazima ya mwaka mmoja hospitalini, ambapo huitwa intani, ndipo asajiliwe na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya (KMPDC). Hata ngazi hii ya kati ina misukosuko yake. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza Machi na kumalizika Mei, ulitokana kwa kiasi kikubwa na kuchelewa kupangiwa vituo kwa maintani na mvutano kuhusu malipo yao. Daktari aliyecheleweshwa hapo amecheleweshwa pia kufika katika ubingwa.

Baada ya usajili, daktari kwa kawaida hufanya kazi kwa muda kabla ya kuomba nafasi ya Shahada ya Uzamili ya Tiba katika radiolojia. Nchini Kenya shahada hiyo hutolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wanagenzi wake hufunzwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta; Chuo Kikuu cha Moi, kinachotumia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret; na Chuo Kikuu cha Aga Khan katika hospitali yake ya Nairobi. Katika nchi jirani, Chuo Kikuu cha Makerere hufunza katika Hospitali ya Mulago, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufunza jijini Dar es Salaam.

Mwombaji huwasilisha vyeti, uthibitisho wa usajili na barua za wadhamini wanaoijua kazi yake, na aghalabu huitwa mahojiano. Lakini vyeti ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ina sehemu mbili: idhini na fedha. Daktari aliyeajiriwa na serikali huhitaji likizo ya masomo kutoka kwa mwajiri wake. Tangu 2013, huduma nyingi za afya zilipogatuliwa, mwajiri huyo kwa wengi ni kaunti, na kaunti yenye madaktari wachache huona tabu kumwachilia hata mmoja. Anayeachiliwa aghalabu hutia saini mkataba wa kurudi na kutumikia kwa muda uliowekwa. Anayekosa udhamini hulazimika kujilipia karo, na huenda akafanya kazi za wodi na zamu za usiku bila mshahara. Suala la malipo ya madaktari wanaojisomesha limejitokeza mara kadhaa katika mivutano kati ya chama cha madaktari na serikali.

Kwa kulinganisha, nchini Marekani maombi na uteuzi hupitia mfumo mmoja wa kitaifa. Mwombaji huorodhesha hospitali azipendazo, nazo hospitali huorodhesha waombaji, kisha tarakilishi huzioanisha orodha hizo, na matokeo hutangazwa mwezi wa Machi. Nchini Uingereza pia kuna uteuzi wa pamoja, na mafunzo huchukua miaka 5. Mifumo hiyo haikosi kasoro, lakini mwanagenzi huingia akiwa mwajiriwa anayelipwa. Huku kwetu, swali la nani atakuwa bingwa hujibiwa kwa sehemu na swali jingine: nani anamudu kuishi Nairobi au Eldoret kwa miaka kadhaa huku ana jamaa wanaomtegemea?

Kuna jambo jingine linalolifanya lango kuwa jembamba, nalo ni uchache wa mafundi wenyewe. Mwanagenzi hawezi kufunzwa na kitabu, na bingwa mmoja hawezi kuwasimamia wanagenzi wengi kwa wakati mmoja bila usimamizi kuwa wa jina tu. Basi idadi ya nafasi hufuata idadi ya walimu, na idadi ya walimu hufuata idadi ya waliopata nafasi miaka iliyopita. Hili ni duara ambalo haliwezi kuvunjwa kwa kuongeza madawati.

4.0 Malezi ya Jicho

Waswahili husema kwamba macho hayana pazia. Radiolojia huongeza kwamba macho yasiyo na pazia yanaweza pia kutazama yasione. Mafunzo ya miaka 3 hadi 4, kwa kutegemea chuo, yamekusudiwa kuliondoa tatizo hilo.

Hatua ya kwanza ni misingi. Mwanagenzi hurudi kusoma fizikia ya mionzi, madhara yake kwa chembe hai, na maumbile ya mwili, safari hii kama yanavyoonekana katika picha. Hujifunza kwamba picha ya eksirei ina ngazi tano za rangi kati ya weusi na weupe: hewa ni nyeusi, mafuta ni ya kijivu kilichokolea, maji na nyama laini ni ya kijivu, mfupa ni mweupe, na chuma ni cheupe zaidi ya vyote. Msamiati mzima wa picha ya kifua umejengwa kwa ngazi hizo. Moyo huonekana kwa kuwa ukingo wake wa kijivu umepakana na weusi wa hewa ya mapafu. Pafu lililoguswa na moyo likijaa majimaji kwa ugonjwa, kijivu hupakana na kijivu, na ukingo hutoweka. Mwanagenzi hufunzwa kuuliza ni mstari gani ambao ungepaswa kuwapo na haupo. Kukosekana kwa kitu nako ni habari.

Jambo linalowashangaza wageni wa fani hii ni kwamba mwanagenzi hutumia muda mrefu kutazama picha za watu wazima wa afya. Asiyeijua hali ya kawaida katika sura zake nyingi, ya mtoto na ya ajuza, ya mwembamba na ya mnene, ataona ugonjwa kila mahali au asiuone popote.

Hatua ya pili ni mzunguko. Mwanagenzi hupitishwa katika vitengo mbalimbali: eksirei, altrasaundi, CT, MRI, picha za matiti, za watoto, na taratibu za kutoa nyama au majimaji kwa kuongozwa na picha. Kila siku husoma picha na kuandika rasimu ya ripoti, kisha bingwa huisoma picha ileile, huikosoa rasimu na kuiidhinisha. Usiku hushika zamu. Anapoletwa aliyegongwa na bodaboda, mara nyingi mwanagenzi ndiye wa kwanza kuitazama skani ya kichwa, na neno lake huamua kama daktari wa upasuaji aamshwe.

Wanafunzi wa ualimu miongoni mwetu watalielewa jambo hili kwa wepesi. Mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu cha Shanzu anapokwenda mazoezini, husimama mbele ya darasa la kweli, lakini nyuma ya darasa huketi mkufunzi mwenye kalamu. Tofauti ni kwamba kosa la somo la asubuhi linaweza kusahihishwa alasiri, ilhali kosa la usiku hospitalini huenda lisisahihishike.

Ndiyo maana mafunzo haya yanajishughulisha sana na elimu ya makosa. Kosa moja mashuhuri ni kuridhika mapema: msomaji huona mfupa uliovunjika, hufurahia kuupata, kisha huacha kutafuta, na mvunjiko wa pili humpita. Dawa yake ni nidhamu. Mwanagenzi huzoeshwa kuipitia kila picha kwa mpangilio uleule, eneo baada ya eneo, hata pale jibu linapoonekana limejileta lenyewe. Kwa istilahi za fasihi tungesema kwamba anafunzwa usomaji wa karibu: kueleza kwanza, kufasiri baadaye, kuhukumu mwisho.

Hujifunza pia kukataa. Eksirei na skani ya CT hutumia mionzi yenye madhara ikizidi, na skani moja ya CT ya kifua huweza kumpa mgonjwa makumi ya mara ya mionzi anayopata kwa eksirei moja ya kifua. Kanuni ni kutumia kiasi kidogo kabisa kitakachotoa jibu, na kutotumia chochote pale altrasaundi inapotosha. Nchini Kenya usimamizi wa mionzi uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hata hivyo, mlinzi wa kwanza wa mgonjwa ni daktari anayeuliza, "Je, picha hii inahitajika kweli?"

Hatimaye kuna tasnifu na mitihani ya maandishi, ya ana kwa ana, na ya kusoma picha mbele ya watahini. Sisi wa uzamili wa fasihi tunaijua adha ya tasnifu; wenzetu hawa huiandika baada ya zamu ya usiku.

5.0 Pwani na Upungufu wa Wasomaji

Tukijumlisha miaka 6 ya shahada ya kwanza, mmoja wa mafunzo ya lazima, na 4 ya uzamili, tunapata 11, bila kuhesabu miaka ya kazi na ya kungoja katikati. Hicho ndicho kima cha jicho moja. Ni kwa msingi huo tunapaswa kuitazama habari ya mwaka 2015, serikali kuu ilipotia saini mikataba ya kukodisha vifaa vya kisasa kwa ajili ya hospitali 98: mbili katika kila mojawapo ya kaunti 47, na nne za kitaifa. Vifaa vya radiolojia vilikuwamo. Nia ilikuwa njema, na maeneo yaliyokuwa hayana mashine yalizipata. Lakini mjadala uliofuata, uliofikia kuundwa kwa kamati maalumu ya Seneti, ulidhihirisha kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika ipasavyo, na upungufu wa wataalamu ulikuwa miongoni mwa sababu. Mashine ilifika kwa lori, lakini msomaji hakuwa amepandwa miaka 11 kabla.

Mabingwa wa radiolojia nchini Kenya huhesabiwa kwa mamia, si kwa maelfu, na wengi wao wako katika miji mikubwa na katika hospitali za binafsi. Hospitali Kuu ya Pwani iliyoko Mombasa hupokea rufaa kutoka kaunti nyingine za eneo hili, zikiwamo Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mgonjwa wa Shanzu ana nafuu ya kuwa na daraja tu kati yake na mjini. Wa Tana River ana siku nzima ya safari.

Njia za kupunguza kungoja zipo. Mojawapo ni kutuma picha kwa intaneti ili isomwe na bingwa aliye mbali. Njia hii inasaidia, hasa usiku, lakini msomaji wa mbali hawezi kumgusa mgonjwa wala kumfunza mwanagenzi. Njia ya pili ni kuyaleta mafunzo karibu na kwao wanagenzi. Mfano mzuri uko Muhimbili. Tangu mwaka 2018, timu za wataalamu wa kigeni zimekuwa zikienda huko kwa zamu kufunza radiolojia ya kutibu, ambapo daktari hupitisha mrija mwembamba mwilini kwa kuongozwa na picha. Kutokana na jitihada hizo, Watanzania wamehitimu na kuanza kufunza wenzao. Badala ya mwanagenzi kumfuata fundi ng'ambo, fundi alimfuata mwanagenzi nyumbani. Pwani ya Kenya ina hospitali kuu yenye wagonjwa wa kila aina, na wagonjwa ndio kitabu kikuu cha fani hii. Daktari aliyefunzwa walau sehemu ya mafunzo yake Mombasa ana sababu zaidi ya kubaki Mombasa.

6.0 Kutoka Jicho Hadi Ulimi

Msomaji anaweza kuuliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili linatafuta nini katika chumba cha eksirei. Jibu ni kwamba kazi ya radiolojia huishia katika lugha. Zao la mwisho la miaka hiyo 11 ni ripoti ya aya chache.

Ripoti hiyo ni utanzu wenye kanuni zake. Huanza na sababu ya kupigwa picha, hufuata njia iliyotumika, kisha yaliyoonekana, na mwisho maoni ya daktari. Ina sarufi ya shaka iliyopimwa kwa uangalifu: kuna umbali mkubwa kati ya "ni kifua kikuu", "inaelekea kuwa kifua kikuu" na "kifua kikuu hakiwezi kuondolewa katika orodha". Mwanagenzi hufunzwa kuzipima kauli hizi kama mpima dhahabu. Lakini hufunzwa kuzipima kwa Kiingereza. Mihadhara, mitihani, tasnifu na ripoti zote ni za Kiingereza, ilhali bahasha hurudi Shanzu na kufunguliwa na mtu anayeishi kwa Kiswahili. Mizani hiyo ya shaka humwagika njiani. "Kivuli" katika pafu hugeuka "doa", doa hugeuka "kansa", na kabla ya Alasiri mtaa mzima umeshatoa pole.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hakuna anayedai kwamba kesho ripoti ziandikwe kwa Kiswahili. Linalowezekana ni dogo zaidi na la karibu: idara zetu za Kiswahili zishirikiane na vitivo vya tiba kuandaa kipindi cha kumfunza mwanagenzi kuyaeleza majibu kwa Kiswahili sahihi chenye viwango vya shaka vinavyolingana na ripoti. Istilahi nyingi zimo kamusini. Zinahitaji kutolewa humo na kujaribiwa vinywani mwa watu, na ile isiyokubalika iachwe ife, hata kama iliundwa na wataalamu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ubingwa wa radiolojia ni uanagenzi mrefu unaotanguliwa na lango jembamba la vyeti, idhini na fedha. Kwamba kiini chake ni kulifunza jicho nidhamu ya kutazama. Na kwamba uchache wa mabingwa hautatuliwi kwa kuongeza mashine peke yake. Anayetaka msomaji wa picha mwaka 2040 hana budi kumteua sasa, kumlipia, na kumwandalia fundi wa kumlea.

Shangazi alipona, kwani pafu lake halikuwa na neno. Ripoti iliyosema hivyo ilikuwa na mistari minne, na aliibeba nyumbani bila kuielewa hata mmoja. Katika siku zote 11 alikuwa amejiandaa kufa. Swali lake sasa lina jibu: walikuwa wakingoja mtu, na mtu huyo hutengenezwa polepole. Lililobaki ni kuamua ni wangapi tutakaowatengeneza, wapi, na watasema naye kwa lugha gani.